Mizani Tatu za Msomaji

Zamani, katika maduka ya pwani, kila bidhaa ilikuwa na kipimo chake. Nguo ilipimwa kwa mkono, tangu kiwiko hata ncha ya kidole cha kati. Mchele na mtama ulipimwa kwa kibaba na pishi, na pishi moja ni vibaba vinne. Pembe za ndovu na karafuu zilitiwa katika mizani, zikapimwa kwa ratili na frasila. Mwenye duka aliyeijua kazi yake hakutia nguo ndani ya pishi, wala hakupima mchele kwa mkono apate kujua urefu wake. Kama angalifanya hivyo watu wangalimcheka, na hasara ingalikuwa yake mwenyewe.

Vitabu navyo ni kama bidhaa hizo. Rafu moja yaweza kuwa na kamusi, na kitabu cha safari, na hadithi za majini na wanyama wasemao, na utenzi wa kale. Vyote vimesimama pamoja, na majalada yake hufanana. Lakini mambo yaliyomo ndani si ya namna moja. Kitabu cha elimu kina mizani yake, hadithi ya ajabu ina mizani yake, na shairi lina mizani yake. Msomaji asiyejua kubadili mizani aweza kuitupa mali iliyo mkononi mwake, au aweza kununua uongo kwa bei ya kweli. Somo hili laeleza mizani hizo tatu, kwa mifano ya vitabu vilivyopata habari zake katika Afrika ya Mashariki.

1. Vitabu vya Elimu

Kitabu cha elimu ni kile ambacho mwandishi wake ataka kueleza mambo jinsi yalivyo. Kitabu cha safari ni cha namna hiyo, na kitabu cha historia, na kamusi, na kitabu cha maradhi ya watu au ya mimea. Msomaji akifunguapo kitabu kama hicho yampasa kuuliza maneno mawili: Je, jambo hili ni kweli? Na mwandishi amelijuaje?

Johannes Rebmann alikuwa mmisionari Mjerumani. Alifika Mombasa mwaka 1846, akakaa Rabai pamoja na mwenzake Johann Ludwig Krapf, aliyemtangulia kwa miaka miwili. Mwaka 1848 Rebmann alifunga safari kwenda Uchaga. Asubuhi ya tarehe 11 Mei, akiwa njiani, aliona juu ya mlima mrefu sana kitu cheupe king'aacho. Akamwuliza kiongozi wake ni nini. Yule kiongozi hakuwa na jina la kitu kile, kwa maana katika nchi yake hakipatikani. Akakitaja kwa neno la baridi tu, wala hakuongeza. Lakini Rebmann alizaliwa katika nchi ambayo theluji huanguka kila mwaka, naye akatambua mara moja kwamba ni theluji. Mlima ule ni Kilimanjaro.

Habari zake zilichapishwa London mwaka 1849. Katika mji ule alikuwako mtu mwenye elimu nyingi ya ramani na habari za Afrika, jina lake William Desborough Cooley. Alikuwa amesoma vitabu vya Waarabu na vya Wareno, naye alijulikana na wakubwa wa elimu. Lakini nyayo zake hazikupata kukanyaga mahali pale alipopaandika. Katika kitabu alichotoa mwaka 1852 alizikataa habari za theluji, akazihesabu kuwa ni mawazo ya mtu aliyedanganywa na macho yake. Wengi wakamsikiliza Cooley, kwa kuwa jina lake lilikuwa kubwa. Rebmann hakuwa na jina; alikuwa na macho yake tu, na ushuhuda wa watu aliosafiri nao.

Ugomvi huo haukumalizwa kwa maneno makali, wala kwa wingi wa vitabu. Ulimalizwa kwa watu kwenda kutazama. Mwaka 1861 Karl Klaus von der Decken alikwenda Kilimanjaro pamoja na Richard Thornton, mjuzi wa mawe. Mwaka 1862 akarudi tena pamoja na Otto Kersten, wakapanda hata wakapita mita 4,000, wakathibitisha kwamba theluji ipo. Hata mwaka 1889 Hans Meyer na Ludwig Purtscheller wakafika kileleni, wakaikanyaga barafu kwa miguu yao. Leo yajulikana kwamba kilele kile kina urefu wa mita 5,895 juu ya bahari, na kila apandaye mlima hupata hewa baridi zaidi, kadiri ya digrii 6 kwa kila mita 1,000. Kwa hiyo mtu aweza kutoka jasho Taveta, na huko juu maji yakaganda, siku ile ile, chini ya jua lile lile.

Katika habari hii mna mafundisho mawili. La kwanza ni kwamba ukubwa wa jina si ushahidi. Cooley alikuwa na vitabu vingi kuliko Rebmann, lakini katika jambo hili alikosa, na mtu mwenye vitabu vichache akapata. La pili ni kwamba kitabu cha elimu hakipati aibu kwa kusahihishwa. Aibu humpata yule akataaye kusahihishwa.

Kamusi za Kiswahili zaonyesha jambo hili vema. Krapf alianza kuyakusanya maneno ya Kiswahili tangu alipofika Mombasa mwaka 1844. Mwaka ule ule alimzika mkewe na mtoto wao mchanga, lakini kazi hakuiacha. Kamusi yake ilitoka mwaka 1882, baada ya yeye mwenyewe kufariki mwaka 1881, na maneno yake mengi ni ya Kimvita, yaani ya Mombasa. Mwaka 1903 A. C. Madan akatoa kamusi iliyofuata Kiswahili cha Unguja. Mwaka 1939 ikatoka kamusi ya Kamati ya Lugha, kazi ya Frederick Johnson, nayo ilijengwa juu ya ile ya Madan. Mwaka 1981 ikatoka Kamusi ya Kiswahili Sanifu, ielezayo Kiswahili kwa Kiswahili. Kila mmoja alisimama juu ya mabega ya aliyemtangulia, akaona mbali zaidi. Wala hapana aliyesema kwamba Krapf alikuwa mwongo kwa kuwa maneno fulani hakuyapata.

Basi mizani ya kitabu cha elimu ni ushahidi. Hata Mtakatifu Luka, alipoanza Injili yake, alieleza kwanza jinsi alivyojitaabisha kuchunguza mambo kwa wale walioyaona tangu mwanzo. Mwandishi wa kweli haoni haya kuulizwa alivyopata habari zake.

2. Hadithi za Ajabu

Mwaka 1864 alifika Unguja mmisionari Mwingereza, Edward Steere, ambaye baadaye, mwaka 1874, alikuwa Askofu. Steere alitaka kujua Kiswahili jinsi kinavyosemwa na wenyewe, wala si jinsi wageni wanavyodhani. Kwa hiyo aliwaendea watu wa Unguja, akawasikiliza wakisimulia hadithi zao, akaziandika. Mwaka 1870 zikachapishwa. Ndani yake mna wanyama wasemao, na nyoka mwenye vichwa saba, na mambo mengine mengi yasiyoonekana mchana. Steere hakuziondoa ajabu hizo. Aliziacha jinsi alivyozisikia, na kwa ajili hiyo zimesalia hata leo.

Mojawapo ni hadithi ya Sultani Darai. Palikuwa na maskini, hana kitu, akichakura jaani apate punje za mtama za kula. Siku moja akaokota thumuni, akanunua paa mdogo. Watu wakamcheka: mtu asiye na chakula chake mwenyewe, atamlishaje paa? Lakini paa yule alikuwa na akili kuliko watu. Akaokota almasi, akampelekea Sultani Darai kwa jina la bwana wake, akamposea binti wa Sultani. Kisha akaenda katika mji wa nyoka mwenye vichwa saba, akamwua, akaitwaa nyumba yake na mali yake yote, akampa bwana wake. Maskini akawa tajiri, mwenye mke na watumishi.

Halafu paa akaugua. Alikuwa amechoka, na mwili wamwuma. Akaomba habari yake ipelekwe kwa bwana wake. Bwana wake akaagiza apewe uji wa mtama, chakula cha watu wa chini kabisa katika nyumba ile, wala hakushuka kwenda kumtazama. Mke wake akamsihi sana, lakini hakusikia. Paa akafa kwa uchungu wa moyo. Usiku ule ule mke akaota yuko kwao, akaamka akajikuta kwao kweli. Na mume akaota anachakura jaani, akaamka akajikuta jaani, mkono wake umo ndani ya taka kama siku ya kwanza.

Msomaji aichukuapo hadithi hii na kuuliza kama paa aweza kusema, ameuliza swali la kitabu cha elimu. Jibu ni rahisi: paa hasemi, wala hapana nyoka mwenye vichwa saba. Lakini akiisha kupata jibu hilo hajapata kitu. Amepima nguo kwa pishi. Mizani ya hadithi ni swali jingine: Je, watu wako hivyo? Hapo jibu ni zito. Ndiyo, wako watu walioinuliwa na mkono wa mwingine, nao walipokwisha kupanda wakausahau mkono ule. Yuko mwana aliyesomeshwa kwa mbuzi wa shangazi yake, na leo hamwamkii. Paa hakuwako, lakini ubaya ule uko.

Hadithi nyingine katika kitabu hicho ni ya Nunda, mla watu. Nunda hakuanza na watu. Alikuwa paka wa Sultani, akaanza kwa wanyama wadogo. Kila walipokuja kumshitaki, Sultani alimtetea kwa kuwa paka ni wake na kilicholiwa ni chake. Paka akazidi, akala wakubwa zaidi, akala watu, hata akawala wana wa Sultani mwenyewe. Hapo ndipo Sultani alipokubali kwamba yule si paka tena. Hapana aliyepata kumwona paka wa namna hiyo. Lakini kila mwalimu, na kila mzazi, na kila mwamuzi amepata kuona kosa dogo lililolelewa hata likawala wenye nyumba.

Maandiko Matakatifu yana mfano mkubwa wa jambo hili. Mfalme Daudi alimtwaa mke wa Uria, na Uria mwenyewe akamweka mahali pa kufa vitani. Nabii Nathani akaja, akamsimulia habari ya tajiri mwenye kondoo wengi, aliyemnyang'anya maskini mwana-kondoo wake mmoja tu. Daudi akaipima hadithi ile kwa mizani ya habari. Akadhani ni jambo lililotokea mahali fulani, akakasirika, akamhukumu yule tajiri kufa. Nathani akamwambia kwamba mtu yule ni yeye. Tajiri yule hakuwako, wala kondoo hakuwako, lakini dhambi ilikuwako, tena ilikuwa imeketi juu ya kiti cha enzi. Kama Nathani angalimjia na maneno makavu, labda mlango wa moyo wa mfalme ungalifungwa. Hadithi iliingia kwa mlango wa nyuma.

Lakini hapa pana hatari, na msomaji yampasa kuwa macho. Hadithi ikisimuliwa kama hadithi, yafaa. Ikichukuliwa kama habari, yaweza kuua. Rebmann alipokuwa katika safari zake alisikia kwamba watu wa pwani husema juu ya kilele cha mlima mna fedha, na pepo wabaya wailindao, nao huwaua wapandao. Alisikia tena kwamba zamani mfalme mmoja wa Uchaga aliwatuma watu wake kwenda kukitazama kitu kile cheupe. Wengi wakafa, akarudi mmoja, naye mikono na miguu yake imeharibika. Na watu wakasema ni kazi ya pepo.

Hiyo haikuwa hadithi ya kusimuliwa jioni, ilikuwa habari. Habari hupimwa kwa ushahidi. Rebmann akaipima, wala hakuitupa. Aliyesikia na kucheka tu angalikosa, maana watu walikufa kweli, na mikono ya yule mmoja iliharibika kweli. Aliyesikia na kuamini yote angalikosa pia, maana aliyewaua hakuwa pepo. Ilikuwa baridi. Mtu asiye na nguo nzito wala viatu akikaa katika baridi ya barafu, damu huacha kufika katika vidole vyake, nyama huganda na kufa. Watu waliona sawasawa. Jina la mwuaji ndilo walilokosa.

Kukosa jina la mwuaji si jambo dogo. Katika sehemu za Usukuma, wanawake wazee wenye macho mekundu wamedhaniwa kuwa wachawi, na wengine wameuawa kwa mapanga na jirani zao. Na wekundu ule wa macho, mara nyingi, watoka katika moshi wa jikoni, kwa miaka mingi ya kupikia samadi kavu na kuni mbichi. Yule bibi aliwapikia watoto na wajukuu, na moshi wa kupika kwake ukafanywa ushahidi juu yake. Waliomwua hawakukosa kusikia hadithi, walizisikia nyingi. Walikosa kubadili mizani. Mtu akija na neno la uchawi juu ya jirani, huo si wakati wa kusikiliza kama mtoto asikilizavyo hadithi ya Nunda. Ni wakati wa kuuliza kama mwenye elimu: Ni nani aliyeona? Ameona nini? Je, hapana sababu nyingine?

3. Mashairi

Namna ya tatu ni mashairi. Shairi laweza kusema kweli au kusimulia ajabu, lakini nguvu yake haimo katika maneno tu. Imo pia katika sauti na kipimo. Katika utenzi, kila ubeti una vipande vinne, na kila kipande kina mizani nane, maana watungaji huita mizani ile hesabu ya silabi. Vipande vitatu vya kwanza vina kina kimoja, na kipande cha nne kina kina kiendeleacho tangu mwanzo hata mwisho wa utenzi. Ubeti huu umetungwa kwa ajili ya somo hili, upate kuonyesha kanuni hiyo:

Kitabu ukifungua,
yafaa kwanza kujua
mizani ya kuchukua,
ili upime maana.

Mwanafunzi na ahesabu silabi kwa vidole vyake. Atapata nane katika kila kipande. Kisha na afikiri: mwenye kunakili akikosea, akaandika "mizani ya kupima" katika kipande cha tatu, itakuwaje? Silabi zitakuwa saba, na kina kitavunjika. Sikio litamkamata mara moja, hata kama jicho limepitiwa. Kwa hiyo vina na mizani ni kama ukuta wa boma. Maneno yaliyozungushiwa ukuta huo hayapotei upesi, hata yasipoandikwa popote.

Hayo yalionekana katika mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa. Muyaka aliishi wakati Mazrui walipotawala Mombasa na kupigana na Sayyid Said, naye alikufa yapata mwaka 1840. Alitunga mashairi ya vita, na ya mapenzi, na ya kejeli, na ya mambo ya nyumbani. Hayakupigwa chapa. Yalikaa vichwani mwa watu wa Mombasa, na katika karatasi chache za herufi za Kiarabu. Miaka mingi baada ya kifo chake, Mwalimu Sikujua bin Abdallah alikusanya yale yaliyokumbukwa, akampa mmisionari W. E. Taylor, aliyeyaandika na kuyatia maelezo. Mwalimu Sikujua akafa mwaka 1890. Hata mwaka 1940 mashairi hayo yakatoka katika kitabu kilichotengenezwa na William Hichens, kikachapishwa Johannesburg. Basi tangu mtungaji kufa hata kitabu chake kutoka ilipita kama miaka 100. Katika miaka hiyo mji ulibadili watawala zaidi ya mara moja, na wazee waliomjua Muyaka walikwisha wote. Lakini maneno yake yalipita kinywa kwa kinywa, yakafika.

Utenzi wa Mwana Kupona ulifika kwa njia nyingine. Mwana Kupona binti Mshamu alikuwa mjane wa Bwana Mataka, aliyekuwa mtawala wa Siu katika kisiwa cha Pate. Mwaka 1858 alikuwa mgonjwa, naye alikuwa na binti kijana, jina lake Mwana Hashima. Mama yule aliona huenda hataishi kumlea binti yake hata awe mtu mzima. Mali huibiwa, na nyumba huanguka. Akamwita binti yake akae karibu na wino na karatasi, akamtungia utenzi wa mausia: juu ya Mungu na Mtume wake, juu ya adabu na ukweli, juu ya kuwatendea watu wema, na juu ya unyumba kama ulivyokuwa desturi ya watu wake. Beti zake ni kama mia moja. Mama akafariki. Lakini utenzi ukatoka nyumba ile, ukanakiliwa Lamu na pwani yote, wanawake wakawafundisha binti zao, na mwaka 1934 ukachapishwa Uingereza pamoja na tafsiri.

Basi shairi hupimwaje? Kwanza kwa sikio. Shairi lisomwalo kimya kwa macho tu ni kama ngoma iliyotundikwa ukutani. Msomaji yampasa kulisoma kwa sauti, pole pole, akipumzika mwisho wa kila kipande. Pili kwa kumbukumbu. Msomaji na alihifadhi moyoni hata ubeti mmoja, kwa maana maneno mengine hayafunguki siku ile ya kusomwa, bali hufunguka siku ya haja. Tatu kwa moyo: Je, mtungaji amesema jambo ambalo mtu alilijua bila kuweza kulinena? Katika mausia ya Mwana Kupona yako maneno ambayo wasichana wa leo hawatayafuata yote, kwa kuwa desturi zimebadilika. Lakini mama mgonjwa atakaye kumwachia mwanawe kitu kisichoweza kuibiwa, huyo hakubadilika.

Tena shairi halisahihishwi kama kamusi. Neno la Krapf laweza kurekebishwa na Madan, na la Madan na Johnson, na faida ikazidi. Bali mtu akirekebisha neno la Muyaka kwa kuwa yeye hapendezwi nalo, ameharibu. Mwenye elimu huongeza. Mwenye kunakili shairi hutunza.

4. Kuzitumia Mizani Zote

Mizani hizi tatu hazipigani. Mtu mmoja aweza kuwa nazo zote, na mtu aliyefundishwa vema huwa nazo. Biblia yenyewe ni rafu nzima ndani ya jalada moja: mna historia za wafalme, mna mifano, mna Zaburi. Asomaye katika Isaya kwamba miti itapiga makofi hatoki nje kuitazama mikono ya mwembe; ajua kwamba ni furaha ya nabii iliyotafuta maneno makubwa. Na asomaye habari ya mwana mpotevu haulizi jina la kijiji chake. Aenda kwa baba yake kuomba radhi.

Hata kitabu kimoja cha safari, kama kile cha Krapf kilichotoka London mwaka 1860, chenye habari za Rebmann pia, kina mambo ya kupimwa kwa ushahidi na masimulizi ya pepo bega kwa bega. Msomaji yampasa kubadili mizani katikati ya ukurasa, kama mwenye duka abadilivyo kipimo mteja mmoja atakapo mchele na nguo. Kazi hii mwanzoni ni ngumu, lakini hulainika kwa mazoezi. Naye aijuaye atafaidi rafu nzima. Atacheka na kulia pamoja na paa wa Sultani Darai, ataweka moyoni ubeti wa utenzi, na siku watu watakapokuja mbio na neno baya juu ya bibi mwenye macho mekundu, atasimama mlangoni pake na kuuliza: Ni nani aliyeona?

Maswali

1. Bidhaa gani zilipimwa kwa mkono, na zipi kwa pishi, na zipi kwa mizani?
2. Cooley alikuwa na elimu kuliko Rebmann. Kwa nini alikosa katika jambo la theluji? Ugomvi wao ulimalizwa kwa njia gani?
3. Bwana wa paa alikosa nini? Taja jambo la siku hizi lifananalo na kosa lake, bila kutaja jina la mtu.
4. Watu walioharibika mikono na miguu mlimani waliumizwa na nini? Wenyeji walipata nini katika habari ile, na walikosa nini?
5. Eleza jinsi vina na mizani vinavyolinda shairi lisipotee.
6. Tunga ubeti mmoja wa utenzi, wenye mizani nane katika kila kipande, juu ya jambo ambalo mzazi angependa kumwachia mwanawe.
7. Chagua vitabu vitatu katika rafu ya shule. Sema kila kimoja ni cha namna gani, na utakipima kwa swali gani.

Maneno

Frasila: kipimo cha uzito, ratili 35 au 36.
Jaa: mahali pa kutupa taka.
Kina: sauti za mwisho zilinganazo katika shairi.
Mausia: maneno ya kumwagiza au kumwonya mtu, hasa ya mzee kwa mwanawe.
Thumuni: sehemu ya nane ya riali.